Ndoa ya Kweli Haipimwi kwa Albamu ya Harusi

Imani iliyoenea kuanzia kwenye madawati ya balozi hadi kwenye mabaraza ya vijiji inashikilia kwamba ndoa ya kweli hujionyesha yenyewe: ina cheti, ina picha za harusi, ina mume na mke wanaoishi chini ya paa moja na wanaokaribiana umri, dini na elimu. Kwa mujibu wa imani hiyo, ndoa yoyote iliyopungukiwa na mambo hayo, hasa pale mmoja wa wanandoa anapoomba kuvuka mpaka ili amfuate mwenzake, ni ndoa ya makaratasi, yaani ndoa iliyofungwa kwa ajili ya kupata kibali cha ukaazi au uraia. Imani hiyo ni potofu kisheria na ni dhuluma kimatendo, na uzito wake unawaangukia zaidi watu wa maeneo kama Kilembe, Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, ambako ndoa nyingi za dhati hazijawahi kuwa na sura ambayo afisa wa uhamiaji amefundishwa kuitafuta.

Mpaka wenyewe ndio uliozaa sehemu ya tatizo. Makubaliano ya mwaka 1910 kati ya Uingereza na Ubelgiji yaliigawa milima ya Rwenzori na kuacha jamii moja katika dola mbili, ikiitwa Bakonzo upande wa Uganda na Banande upande wa Kongo, huku lugha, koo na taratibu za posa zikibaki zile zile kwa tofauti ndogo. Binti wa Kasindi, upande wa Kongo, anayeolewa Bwera anavuka Mto Lhubiriha, anasafiri kilomita chache, na anapokelewa na wakwe wanaozungumza lugha ya mama yake, lakini mbele ya sheria amekuwa mgeni anayepaswa kuthibitisha ndoa yake. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 12, inamruhusu mtu aliyeoana na raia kuandikishwa kuwa raia akithibitisha kwamba ndoa yake ni halali na imedumu kwa miaka 3, au kwa muda mwingine utakaowekwa na Bunge. Sharti hilo ni la haki. Kisicho cha haki ni dhana inayomtangulia mwanamke huyo ofisini, kwamba kila Mkongo aliyeolewa upande huu alikuwa anatafuta kitambulisho, na kwamba mume ni njia tu ya kukipata.

Dhana hiyo hiyo inamngoja pia Mkonzo mwenye mume Uingereza, Marekani au Kanada, na mkimbizi wa Kongo aliyehamishiwa nchi ya tatu akamwacha mke wake katika makazi ya wakimbizi. Ili kuiona kasoro yake, ni lazima kutenganisha maswali matatu ambayo watu huyachanganya. Swali la kwanza ni la uhalali: je, ndoa ilifungwa kwa namna inayotambuliwa na sheria ya mahali ilipofungwa? Swali la pili ni la ukweli: je, wawili hao walikusudia kujenga maisha ya pamoja? Swali la tatu ni la masharti ya nchi inayopokea, kama vile kipato cha mdhamini, ambacho Uingereza ilikipandisha mwezi Aprili 2024 kutoka pauni 18,600 hadi pauni 29,000 kwa mwaka. Mwombaji anaweza kushindwa katika swali la tatu kwa sababu mume wake ana mshahara mdogo, au kwa sababu yeye ni mke wa pili na nchi husika haitambui ndoa ya wake wengi. Kushindwa kwa namna hizo mbili hakusemi lolote kuhusu ukweli wa ndoa, na anayemwita mwombaji wa namna hiyo tapeli amehukumu jambo ambalo hakulichunguza.

Kuhusu ukweli wenyewe, sheria za nchi zinazopokea wahamiaji zina busara kuliko imani ya mitaani. Mwaka 1975, katika shauri la Bark, Mahakama ya Rufaa ya Marekani ya Mzunguko wa Tisa ilieleza kwamba ndoa ni ya uongo iwapo wanandoa hawakukusudia kuanzisha maisha pamoja wakati walipooana, na ikasisitiza kwamba mgeni hawezi kutakiwa awe na ndoa ya kawaida zaidi, au yenye mafanikio zaidi, kuliko ndoa za raia. Kutengana kwa wanandoa baada ya harusi, kwa mtazamo wa mahakama hiyo, hakutoshi peke yake kuthibitisha udanganyifu. Uingereza nayo iliwahi kuwa na kanuni ya kusudi kuu, iliyomlazimisha mwombaji athibitishe kwamba hakuoa au hakuolewa kwa lengo kuu la kuingia nchini, na kanuni hiyo ilizivunja familia nyingi za Waasia ambao ndoa zao zilipangwa na wazazi, hadi ilipofutwa mwezi Juni 1997. Katika shauri la Goudey la mwaka 2012, lililowahusu wanandoa wa Sudan, Baraza la Juu la Rufaa la Uingereza lilieleza kwamba hakuna ushahidi maalumu wa mahaba ambao kila mwombaji lazima auwasilishe, na kwamba hata kadi za simu zilizotumika zinaweza kuunga mkono maelezo ya watu wanaosema kuwa huwasiliana. Wanaoendelea kudai albamu wanadai kitu ambacho sheria haikukiweka.

Inafaa basi kutazama jinsi ndoa inavyofungwa katika wilaya ya Kasese. Ndoa ya kimila huanza kwa mshenga na mazungumzo ya wazee, ikaendelea na siku ya kujitambulisha, kisha mahari, ambayo kwa Bakonzo kiini chake ni mbuzi, na mara nyingi hukamilishwa kwa awamu, kwa miezi au hata kwa miaka, kadiri familia ya mume inavyojaliwa. Kumbukumbu yake mara nyingi ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule, wenye idadi ya mbuzi waliotolewa na waliobaki, blanketi la mama, fedha za wajomba, majina ya mashahidi wa pande mbili, saini za wanaojua kuandika na alama za dole gumba za wasiojua, na pembeni muhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ambalo ndilo ngazi ya chini kabisa ya utawala nchini Uganda. Afisa asiyeujua utaratibu huo huuona ukurasa huo kama takataka, au vibaya zaidi kama hati ya mauzo ya binti, ingawa Mahakama ya Juu ya Uganda, katika shauri la MIFUMI la mwaka 2015, ilikataa kuitangaza mahari kuwa kinyume cha Katiba na badala yake ikabatilisha desturi ya kudai irudishwe ndoa inapovunjika. Kwa kweli ukurasa huo una nguvu kuliko picha, kwa sababu umebeba majina ya watu wengi wanaoweza kutafutwa na kuulizwa kila mmoja kwa wakati wake.

Ugumu huzidi pale fomu inapouliza tarehe ya ndoa. Mume huandika siku ya kujitambulisha, mke huandika siku ambayo mbuzi wa mwisho walifika kwa baba yake, na wote wawili wamesema kweli, lakini mtu aliyezoea ndoa inayofungwa saa 4 asubuhi mbele ya msajili huona majibu mawili yanayopingana na kuandika kwamba waombaji si waaminifu. Mtindo wa mahojiano unaotumika Marekani, ambapo wanandoa huhojiwa kila mmoja peke yake kisha majibu yao hulinganishwa, unaweza kumfichua laghai, lakini unaweza pia kumnasa mke wa Kisinga, wilayani Kasese, asiyejua mumewe analala upande gani wa kitanda, kwa sababu katika miaka mitano ya ndoa yao ameishi naye majuma machache tu ya likizo.

Kuishi mbalimbali ndiko hasa kunakohesabiwa kuwa dalili ya hila, ilhali uchumi wa eneo hili umewatenganisha wanandoa kwa vizazi. Mgodi wa shaba wa Kilembe, uliozalisha tangu mwaka 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, uliwavuta wanaume kwenye nyumba za kampuni huku baadhi ya wake zao wakibaki milimani wakilima kahawa na muhogo. Siku hizi kazi za ndani na za ulinzi katika nchi za Ghuba zinawachukua vijana wa kike na wa kiume kwa mikataba ya miaka miwili miwili. Hakuna mtu wa Kilembe aliyewahi kusema kwamba mchimbaji wa shaba hakuwa na mke kwa sababu mke alikuwa shambani, na hakuna sababu ya kulisema jambo hilo leo kwa sababu tu mume yuko Doha au Birmingham. Kinachopaswa kuulizwa ni kama wawili hao wamebeba mzigo mmoja: nani aliyelipa ada ya watoto, nani aliyemuuguza mama mkwe, fedha za simu zilitumwa kwa nani kila mwisho wa mwezi, na nani aliyeshauriwa kabla kiwanja hakijanunuliwa.

Hata pale picha na barua zilipokuwepo, huenda hazipo tena. Mto Nyamwamba ulifurika mwezi Mei 2013, ukafurika tena Mei 2014, na Mei 2020 ukaivunja hospitali ya Kilembe pamoja na nyumba za watu, na masanduku ya bati yaliyokuwa uvunguni mwa vitanda yalikwenda na vyeti vya ubatizo, barua na picha zilizokuwa ndani. Upande wa pili wa mpaka, vita vya Kivu Kaskazini vimewafukuza watu majumbani mwao usiku, wakikimbia na watoto mgongoni, na mtu anayekimbia risasi hakumbuki albamu. Umoja wa Ulaya ulilitambua jambo hilo katika agizo lake la mwaka 2003 kuhusu kuunganisha familia, linalosema kwamba mkimbizi asiyeweza kutoa hati rasmi za uhusiano wa kifamilia lazima ushahidi wake mwingine uzingatiwe, na kwamba ombi lake lisikataliwe kwa sababu ya ukosefu wa hati peke yake.

Wanaoitetea imani ya albamu husema kwamba udanganyifu upo, na hapo wanasema kweli. Zipo ndoa zinazouzwa na wapo madalali wanaozipanga, na Marekani, kwa sheria ya mwaka 1986, huadhibu kosa hilo kwa kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi dola 250,000. Hata hivyo, hoja hiyo inaigeukia imani yenyewe, kwa maana mtu aliyekusudia kudanganya huanza kwa kuuliza ni vitu gani vinavyotakiwa, kisha hukodi ukumbi, gauni, keki na mpiga picha, hufungua akaunti ya pamoja, na hufika ubalozini akiwa na faili lililokamilika. Mume na mke wa kweli waliishi bila kujua kwamba siku moja wangeshitakiwa kwa kutoishi, na kwa hiyo kumbukumbu zao zina mapengo. Kipimo kinachompitisha mwigizaji na kumkataa mwenye ndoa hakilindi mpaka wowote. Barua moja ya LC1 nayo inaweza kununuliwa, lakini ni vigumu mno kununua kwa pamoja wajomba wa pande mbili, mwalimu wa shule ya watoto, katekista au imamu, majirani na rekodi ya miaka ya miamala ya simu, na kuwafanya wote waseme neno moja.

Lipo pia kundi ambalo kipimo hicho hulidai lijihatarishe. Uganda ilipitisha mwaka 2023 sheria inayoadhibu uhusiano wa kimapenzi wa watu wa jinsia moja kwa kifungo cha maisha, huku nchi kama Kanada na Uingereza zikiwatambua wenza wa namna hiyo katika sheria zao za uhamiaji. Kumdai mtu wa Kasese aliye katika hali hiyo picha za hadharani, barua ya mwenyekiti wa kijiji na ushahidi wa wakwe ni kumdai ajipeleke gerezani ili aaminike, na hakuna mamlaka ya haki inayoweza kuusimamisha ukimya wa mtu huyo kama ushahidi dhidi yake.

Wajibu haupo kwa maafisa wa ng'ambo peke yao. Sheria ya Uganda ya mwaka 1973 ya usajili wa ndoa za kimila inawataka wanandoa wafike ofisi ya gombolola, yaani ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji, wakiwa na angalau mashahidi wawili ndani ya miezi 6 tangu taratibu za kimila kukamilika, na sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987, ambayo inaitambua ndoa iliyofungwa katika familia kwa desturi, nayo inataka isajiliwe. Wazee wanaosimamia mahari Bwera na Kasindi wangewafaa watoto wao kama wangeihesabu safari ya gombolola kuwa sehemu ya sherehe yenyewe, na viongozi wa wilaya wangewafaa wananchi kama wangehakikisha kwamba safari hiyo haigeuki kuwa ya rushwa na njoo kesho. Usajili hujibu swali la uhalali na kuwaondolea wanandoa mzigo mmoja.

Swali la ukweli, hata hivyo, litabaki mikononi mwa anayehukumu, naye anapaswa kubanwa na kanuni ile ile anayowabana nayo waombaji. Serikali ina haki ya kuuliza kama wawili walikusudia kuishi pamoja, na ina haki ya kukataa inapopata ushahidi kwamba hawakukusudia. Haina haki ya kuugeuza umaskini, umbali, mafuriko, vita au mila isiyoijua kuwa ushahidi wa hila. Kila uamuzi unaomtenganisha mtu na mwenzake unapaswa kutaja bayana jambo mahususi linaloonyesha kwamba nia ya ndoa haikuwepo, na uamuzi usioweza kulitaja jambo hilo haustahili kusimama.