Mtoto Ni Mmoja, Walimu Ni Wengi



Kiko kijiji kiitwacho Pwani kisichokuwa na bahari. Kiko bara, katika eneo la Njoro, kaunti ya Nakuru, kwenye upande mkavu wa Bonde la Ufa ambako ukame hurudi mara kwa mara, na mvua inaponyesha barabara hazipitiki. Katika kijiji hicho ndiko iliko Shule ya Sekondari ya Kutwa ya Keriko, wanakosoma wavulana na wasichana pamoja. Na huko ndiko alikokuwa akifundisha hisabati na fizikia Mwalimu Peter Tabichi, mtawa wa shirika la Wafransisko, alipotangazwa mjini Dubai tarehe 24 Machi 2019 kuwa mshindi wa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani, yenye zawadi ya dola milioni moja.

Wengi wetu twaikumbuka habari ile kwa sababu ya fedha, na kwa sababu mwalimu yule alikuwa akitoa asilimia 80 ya kipato chake kuwasaidia maskini. Hayo ni mema, na mwema husifiwa hata akiwa wa dini nyingine. Lakini limo jambo moja katika habari zake ambalo lilitajwa kwa haraka, nasi tukalipita kwa haraka zaidi: hakuifanya kazi ile peke yake. Yeye na walimu wenzake wanne waligawana wanafunzi waliokuwa wakibaki nyuma, wakawafundisha mmoja mmoja hisabati na sayansi nje ya saa za darasa na mwisho wa wiki. Naye mwenyewe alikwenda majumbani mwao, akaonana na wazazi, akajua ni nini kinachomkwamisha kila mtoto.

Tuitazame shule yenyewe ilivyokuwa. Mwalimu mmoja kwa wanafunzi 58. Kompyuta moja, na intaneti ya kubahatisha. Karibu thuluthi ya watoto walikuwa mayatima au wenye mzazi mmoja tu, na wapo waliotembea kilomita 7 kufika darasani. Mwaka 2017 wanafunzi 16 kati ya 59 ndio waliojiunga na vyuo. Mwaka 2018 walifika 26. Wanafunzi wa shule hiyo walibuni kifaa cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu, wakashika nafasi ya kwanza miongoni mwa shule za umma katika maonyesho ya kitaifa ya sayansi na uhandisi ya mwaka 2018. Kifaa cha namna hiyo hakitoki katika somo moja. Chataka hisabati ya vipimo, chataka fizikia, na chataka mtu anayeelewa jinsi mwanadamu anavyoutambua ulimwengu anapokosa macho au masikio.

Nimeianza safu ya leo huko kwa sababu jambo walilolifanya walimu wale kwa hiari, katika shule iliyosahauliwa, sasa limekuwa haja ya kila nyumba yenye mtoto wa shule. Mtaala wa umilisi, tunaouita CBC, ulipofika sekondari msingi mwezi wa Januari 2023, biolojia, kemia na fizikia ziliunganishwa zikawa somo moja la Sayansi Jumuishi. Hata hivyo, mwalimu wa sekondari nchini mwetu huhitimu kwa masomo mawili. Aliyesomea biolojia na kemia amekabidhiwa fizikia pia. Somo limeunganishwa katika kitabu. Je, limeunganishwa katika kichwa cha anayelifundisha?

Binti wa dada yangu ni mwalimu wa sekondari msingi mjini Nakuru, na ni mmoja wa hao. Alisomea biolojia na kemia. Alinisimulia haya alipokuja nyumbani likizoni, nami nayaandika kwa idhini yake.

"Mama mdogo," aliniambia, "muhula mzima mada za umeme nilikuwa nikizisoma kitabuni usiku na kuzitapika asubuhi."

Siku moja mwanafunzi akamuuliza: mbona taa mbili zikifungwa kwa kufuatana hupungua mwanga, na taa za nyumbani hazipungui hata zikiwashwa zote? Akajibu kwamba watalitazama swali hilo kesho. Kesho ikawa wiki. Mtoto hakuuliza tena, wala wenziwe hawakuuliza. Alisema kimya kile ndicho kilichomuuma, kwa maana alijua kuwa amewafundisha kunyamaza.

Katika chumba kile kile cha walimu, meza ya tatu kutoka kwake, aliketi mwalimu aliyehitimu kwa fizikia na hisabati. Walikuwa wamekaa pamoja mwaka mzima wakisalimiana na kunywa chai. Siku alipojikaza akamwendea na swali la taa mbili, mwenziwe alicheka kwa haya, akamfunulia aibu yake mwenyewe: alikuwa amepewa Kilimo na Lishe, na kila ikifika mada ya lishe mwilini hutamani kengele igonge. Kila mmoja alikuwa amebeba peke yake mzigo ambao jirani yake angeubeba kwa mkono mmoja.

Wakakubaliana kuingia pamoja. Siku ya kwanza yule binti alikaa nyuma ya darasa na daftari, akanyosha mkono, akamuuliza mwenziwe lile swali la taa mbili mbele ya watoto. Likaelezwa kwa waya, betri na balbu: nyumbani kila taa ina njia yake ya umeme, hazipokezani njia moja. Anasema tangu siku hiyo watoto walianza kuuliza upya. Walikuwa wamemwona mwalimu wao hajui, naye hakufa.

Mwalimu mkuu hakulifurahia jambo hilo, na hoja yake ilikuwa na uzito. Walimu ni wachache. Wawili wakiingia darasa moja, darasa jingine linabaki bila mtu. Tusimlaumu. Ndipo wakatafuta njia nyingine: mara moja kwa wiki waliunganisha mikondo miwili ya darasa moja katika kipindi kimoja kirefu, na siku nyingine walibadilishana vipindi tu. Kila Ijumaa baada ya masomo hukaa nusu saa wakaandaa pamoja maandalio ya masomo ya wiki inayofuata. Hiyo nusu saa, anasema, ndiyo mzizi wa yote. Kuingia darasani wawili ni tawi tu, na tawi likikosekana mzizi haufi.

Baadaye waliongezeka. Mwalimu wa Masomo ya Jamii alikuwa akifundisha habari za Ziwa Nakuru, akawaomba wenziwe wamsaidie. Nanyi mwalijua ziwa hilo kwa heroe, wale ndege wa rangi ya waridi waliokuwa wakilifunika kama zulia. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda. Ziwa Nakuru likavuka kingo zake, likameza lango la zamani la mbuga, likawahamisha watu katika mitaa ya pembezoni. Heroe nao wakaondoka kwa wingi, wengi wakaenda Ziwa Bogoria. Kwa nini ndege wa majini aondoke maji yanapozidi?

Mwalimu wa jiografia anayo nusu ya jibu: ziwa hilo halina mto unaotoka, kwa hiyo kinachoingia hubaki, isipokuwa kile kinachochukuliwa na jua. Robo iko kwa kemia: maji yake ni ya magadi, na maji ya mvua yakizidi magadi huzimuliwa, kama sisi tunavyozimua mchuzi ulioingia chumvi nyingi. Robo iliyobaki ni ya biolojia: heroe hula mwani mdogo mno, usioonekana kwa jicho, unaostawi katika maji ya magadi, na rangi yao ya waridi hutokana na chakula hicho. Magadi yakipungua, mwani hupungua, na ndege hufuata riziki yake. Watoto wale, ambao baadhi yao wana jamaa waliohamishwa na maji hayo, walilielewa ziwa lao kwa juma moja, kwa sababu walimu watatu walikubali kusema habari moja.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1998 serikali yetu ilianzisha pamoja na Japani mradi wa SMASSE wa kuimarisha hisabati na sayansi katika sekondari, na walimu walifunzwa kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha. Hilo la kutazama ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa lamtaka mwalimu amruhusu mwenziwe kukaa nyuma ya darasa lake bila kudhani amekuja kumpeleleza.

Na sisi Waislamu tuna mfano ulio mkubwa zaidi. Nabii Musa, amani iwe juu yake, alipoamrishwa kumwendea Firauni, alimwomba Mola wake amfanye nduguye Harun msaidizi wake, akakiri kuwa nduguye ni fasaha zaidi wa ulimi kuliko yeye. Naye akakubaliwa ombi lake. Ujumbe ulikuwa mmoja na waliopelekwa ni wawili. Ikiwa Mtume hakuona haya kutaja alichozidiwa na nduguye, mwalimu wa Gredi ya 7 aone haya kwa lipi?

Hapa nataka kuugusa upande wetu wenyewe. Watoto wetu wana shule mbili: wanatoka shuleni, wanakwenda chuoni. Ustadhi wa madrasa na mwalimu wa shule humfundisha mtoto mmoja miaka kumi, na pengine hawajawahi kupeana mikono. Matokeo yake mtoto hudhani kuwa vichwa viwili vimewekwa juu ya shingo yake, kimoja cha dunia na kimoja cha akhera.

Chukueni mirathi. Mtu amefariki, akaacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Baada ya kulipa madeni na kutimiza wasia, mke hupata thumuni, na kilichobaki hugawanywa kwa watoto, mwana wa kiume mafungu mawili na binti fungu moja. Ukiigawa mali mafungu 24, mke ana 3, mwana ana 14, binti ana 7. Ikiwa mali ni shilingi 240,000, basi ni 30,000, na 140,000, na 70,000. Ustadhi aijuaye hukumu hii mara nyingi huiacha hesabu njiani. Naye mwalimu wa hisabati hufundisha sehemu kwa kukata machungwa ubaoni. Laiti wangekaa pamoja mara moja tu, binti yetu angejua sehemu kwa maana, na angeijua haki yake kwa hesabu. Ni wanawake wangapi waliodhulumiwa mirathi yao kwa kuwa waliambiwa hukumu, lakini hawakuweza kuihesabu?

Basi sisi wazazi tuna nini la kufanya? Kwanza, katika mkutano wa wazazi, tukishauliza habari za karo na chakula, tuulize na hili: walimu wa darasa hili hukutana lini kumzungumzia mtoto mmoja mmoja? Mwalimu wa hisabati amwonapo mtoto ameshindwa, peke yake hawezi kujua kama kilichomshinda ni hesabu, au ni lugha ya swali, au ni njaa. Mwalimu wa lugha huenda anajua.

Pili, tunalalamika, na ni haki yetu, kwamba kazi mradi zinatumaliza: huyu ataka manila, huyu rangi, huyu mbegu, wote katika wiki moja. Tuwaombe kwa adabu waziunganishe. Bustani moja ndogo ya mchicha yaweza kuwa kazi ya kilimo, ya sayansi, ya hisabati na ya insha. Walimu wakishauriana, mfuko wa mzazi hupumua.

Tatu, mwalikeni ustadhi na mwalimu wa darasa nyumbani siku moja, kwa chai na mahamri. Waacheni wazungumze. Na tujihadhari tusiwe sisi wenyewe wa kuwagombanisha, kumsifu mmoja mbele ya mtoto kwa kumtweza mwingine.

Maana yuko mtu mmoja tu anayeviona vitabu vyote vya mtoto kwa pamoja. Kila mwalimu huona daftari lake. Ustadhi huona msahafu na ubao. Mama ndiye anayeufungua mkoba jioni akayakuta yote humo, pamoja na mkate ulioliwa nusu. Ikiwa hakuna aliyewakutanisha walimu wa mtoto huyo, huenda kazi hiyo ilikuwa inamngojea yeye.

Wabillahi tawfiq.