Adui Asiyepiga Baragumu

Ndugu askari na polisi,

Bunduki yako hukaguliwa kabla ya zamu na baada ya zamu, na ole wake atakayekutwa na kutu ndani ya mtutu. Je, moyo wako, ambao ndio unaoibeba bunduki hiyo, umekaguliwa lini? Hatuna budi kuzungumza juu ya shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha. Huyu ni adui asiyepiga baragumu. Haleti homa wala kikohozi, na aghalabu mtu humfahamu siku ile anapoanguka.

Wako wanaodai kwamba maradhi haya ni ya wazee wenye vitambi, hayamhusu kijana akimbiaye kila alfajiri. La hasha! Mwaka 1953 madaktari wa Jeshi la Marekani walitoa taarifa ya uchunguzi wa maiti 300 za askari waliokufa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Katika kila askari 100, 77 walikutwa na dalili kwamba mishipa inayoulisha moyo imekwisha anza kuharibika. Hapa kwetu, tarehe 8 Juni 2020, tulimpoteza Rais Pierre Nkurunziza akiwa na umri wa miaka 55. Serikali ilitangaza kwamba moyo wake ulisimama, naye taifa zima lilimjua kuwa mwanamichezo. Mazoezi ni ngao njema, lakini ngao haizibi pande zote.

Wengine husema haya ni maradhi ya Wazungu. Zamani usemi huo ulielekea kuwa kweli. Mwaka 1929 daktari Donnison, Mwingereza aliyefanya kazi Kisii, Kenya, aliandika kwamba katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa kwa miaka miwili, hakuonekana hata mmoja mwenye shinikizo la juu. Je, damu ya Mwafrika ina kinga? Jibu lilipatikana Kenya hiyo hiyo katika miaka ya 1980, watafiti walipowafuatilia Waluo waliohama vijijini kwenda Nairobi. Baada ya miezi michache tu, shinikizo lao lilikuwa juu kuliko la wenzao waliobaki nyumbani. Damu ilikuwa ile ile. Maisha ndiyo yaliyobadilika. Chumvi iliongezeka, uzito ukapanda.

Ndugu zangu, safari ya Waluo hao ndiyo safari yetu. Tulilelewa vilimani kwa maharagwe, viazi vitamu na lengalenga, tukipanda na kushuka kwa miguu. Tumekuja Bujumbura, na hapa jioni zetu ni mishikaki yenye chumvi tele, bia na sigara. Mimi mwenyewe, niliyejisifu kwa mbio za Jumamosi, nilipimwa nikakutwa na 150 kwa 100, ilhali kuanzia 140 kwa 90 huhesabiwa kuwa juu. Sikuwa nimesikia maumivu yoyote.

Najua kinachowazuia wengi kwenda kupimwa. Si uvivu, ni hofu ya kukatwa jina katika orodha ya misheni za nje. Tangu askari wetu walipoanza kwenda Somalia mwaka 2007, fedha za misheni zimejenga nyumba na kusomesha watoto, basi hofu hiyo si ya kuchekwa. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Heri kukosa safari moja kuliko kuacha mjane na yatima.

Kwa hiyo makamanda nao wana wajibu. Kipimo kisigeuzwe mtego. Askari anayejua hali yake, akapunguza chumvi, akaacha sigara na kunywa dawa zake kila siku, ni askari wa kutegemewa kuliko yule asiyejua lolote. Akipewa nafasi ya kutibiwa na kurudi kazini kwa heshima, wenzake watajitokeza wenyewe. Akiaibishwa, wote watajificha.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye maradhi haya hawajui kwamba wanayo. Bila shaka wamo pia katika safu zetu, wamesimama wima, buti zinang'aa. Kipimo hakichukui hata dakika tano. Yatupasa tuupange mstari huo kama tunavyopanga mstari wa kukagua silaha, na wenye vyeo wawe wa kwanza kukunja mkono wa shati.