Ujuzi Ndio Silaha: Funzo la Karakana ya Meli Kisumu

Bandari ya Kisumu, ambayo ilianza pamoja na kuwasili kwa reli mwaka 1901, inajulikana leo kwa meli mbili zenye jina moja na nasaba mbili tofauti. MV Uhuru iliundwa Scotland katika miaka ya 1960, ikaletwa vipande vipande, ikapandishwa bara na kuunganishwa ufuoni mwetu. MV Uhuru II, yenye urefu wa mita 100 na iliyozinduliwa rasmi mwaka 2023, iliundwa papa hapa. Waliokata na kuchomelea mabamba yake ya chuma walikuwa mafundi wetu, kwa ushirikiano wa kiufundi na kampuni ya Damen ya Uholanzi. Kati ya meli ya kwanza na ya pili ilipita zaidi ya nusu karne. Katika muda wote huo tulikuwa mabingwa wa kuunganisha vilivyoundwa na wengine.

Jambo ambalo yamkini wengi wetu hatujalitilia maanani ni kwamba karakana iliyounda meli hii si mali ya mfanyabiashara wala ya Shirika la Reli. Ni ya Kenya Shipyards Limited, shirika la umma lililoanzishwa mwaka 2020 chini ya Wizara ya Ulinzi. Kwa maneno mengine, Kisumu ina kiwanda cha ulinzi. Eldoret nako kuna kiwanda cha risasi tangu miaka ya 1990, na mnamo Aprili 2021 kilifunguliwa Ruiru kiwanda cha silaha ndogo ndogo, kilichogharimu takriban shilingi bilioni 4 na chenye uwezo wa kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka. Basi swali la kama Kenya ijenge viwanda vya ulinzi au isijenge limekwisha kupitwa na wakati. Lililosalia, na ndilo zito zaidi, ni hili: tujenge nini, kwa manufaa ya nani, na ujuzi wake ubaki mikononi mwa nani?

Uzito wa swali hili unazidishwa na habari ya mafuta. Uganda, jirani yetu ng'ambo ya ziwa, iligundua mafuta mwaka 2006 katika bonde la Ziwa Albert. Sisi tuliyapata Turkana mwaka 2012, na mnamo Agosti 2019 shehena yetu ya kwanza, mapipa 200,000 hivi, iling'oa nanga Mombasa. Kenya haijawa nchi tajiri ya mafuta, na huenda isiwe. Hata hivyo, kila mahali mafuta yanapochimbuka, huchimbuka pia fikra moja: tumepata mali, mali hutaka mlinzi, na mlinzi hutaka silaha; basi kwa nini tusizitengeneze wenyewe? Saudia, kwa mfano, imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 nusu ya matumizi yake ya kijeshi yafanyike ndani ya nchi.

Fikra hiyo haikosi mantiki. Taifa linalonunua kila kitu cha ulinzi kutoka nje hulinda nyumba yake kwa idhini ya mwingine. Ushahidi tunao. Manowari yetu Jasiri iliagizwa Uhispania mwaka 2003 kwa takriban shilingi bilioni 4. Mkataba wake ukaingia katika mizozo na maswali ya ufisadi, na meli yenyewe haikuwasili Mombasa hadi mwaka 2012. Mtoto aliyezaliwa siku mkataba ulipotiwa sahihi alikuwa darasa la tatu manowari ilipotia nanga. Hakuna awezaye kudai kwamba karakana ya nyumbani ingekuwa kinga kamili dhidi ya ufisadi. Lakini meli inayoundwa Kisumu hukaguliwa Kisumu, na kuchelewa kwake huonekana na kila apitaye ufuoni.

Ila kuna kosa ambalo nchi zenye mafuta hulifanya mara kwa mara, nalo ni kudhani kwamba fedha zikiwapo ujuzi utajileta. Nigeria ilianzisha shirika lake la viwanda vya ulinzi mwaka 1964, makao yake yakiwa Kaduna. Baadaye mafuta yalitiririka na mabilioni yakaingia. Licha ya hayo, jeshi la nchi hiyo liliendelea kutegemea silaha za nje kwa miongo mingi, na kuna nyakati shirika hilo lilitengeneza samani ili lipate kujikimu. Mwaka 2023 ilibidi itungwe sheria mpya ya kulifufua. Fedha za mafuta hununua mashine kwa siku moja. Fundi wa kuiendesha, kuitengeneza na hatimaye kuibuni upya huchukua miaka kumi na mitano kumlea. Mashine isiyo na fundi ni chuma kinachongoja kutu.

Wala tusiwacheke Wanigeria. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Wahandisi wetu wakajitosa, na mwaka 1990 gari la Nyayo Pioneer likaonyeshwa hadharani likienda kwa nguvu zake lenyewe. Nchi ilishangilia, hotuba zikatolewa, kisha fedha zikakatika na mradi ukafa. Watu huulilia mradi huo kwa sababu ya magari. Mimi huulilia kwa sababu ya wale waliokuwa wamejifunza kuyaunda, ambao hawakupewa wanafunzi wa kurithi walichokijua.

Naomba wasomaji waniwie radhi niingie kidogo katika uwanja wangu wa isimu, kwani lugha nayo hutunza kumbukumbu. Tazama msamiati wetu wa silaha. Bunduki, risasi na baruti zilitufikia kwa njia ya Kiarabu. Manowari ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Jirani zangu Wajaluo nao walichukua bunduki wakaiita bunde. Mzinga ndio ulio wetu, lakini kwanza ulikuwa wa nyuki: gogo lililotobolewa likawa mfano wa bomba la chuma. Tulipewa kitu pamoja na jina lake, na aliyetupa hakutufundisha kukitengeneza. Kukopa maneno si aibu, kila lugha hukopa. Lakini orodha hiyo yaeleza ni nani alikuwa muundaji na ni nani alikuwa mnunuzi.

Sasa linganisha na chombo cha majini. Pwani yetu, ambako mafundi wa Matondoni huko Lamu wangali wanaunda majahazi, Kiswahili kina jina la kila kiungo: mkuku, mataruma, omo, tezi, ngama, mlingoti. Utajiri huo haukutungwa na kamati ya istilahi. Umetunzwa na mafundi waliohitaji kuambiana, kazi ikiendelea, nini kishikwe wapi. Ambapo watu huunda, lugha huwa na neno, na ambapo lugha ina neno, mwalimu ana somo. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza wachomeleaji wa chuma waiteje ile mishono inayounganisha bamba na bamba. Darasa zima lilinyamaza, nami nikiwamo. Tangu siku hiyo nimeelewa kwamba jibu lake halitatoka maktabani. Litatoka karakanani, iwapo milango ya karakana itafunguliwa.

Hili lanirejesha kwenye swali la tujenge nini. Adui wa kwanza wa Ziwa Victoria hana bendera. Mnamo Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya abiria wakaangamia. Mnamo Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Katika kisiwa kidogo cha Migingo, ambacho Kenya na Uganda zimekizozania tangu miaka ya 2000, wavuvi wetu wamelalamika mara nyingi juu ya kukamatwa na kunyang'anywa samaki na vyombo vya usalama vya jirani. Mvuvi wa Muhuru au wa Dunga ukimuuliza maana ya ulinzi, hatakutajia kifaru. Atakutajia boti ya doria inayofika kabla hajazama, na askari wa majini anayejua mpaka uko wapi. Kikosi chetu cha walinzi wa pwani kilianzishwa mwaka 2018. Boti zake za ziwani zaweza kuundwa na kukarabatiwa Kisumu, na hizo ndizo silaha ambazo watu wa ufuoni wanazihitaji leo.

Turkana nako kuna funzo la aina hiyo hiyo. Mnamo Juni 2018, malori ya mafuta yalipoanza safari, wakazi waliyazuia njiani. Mojawapo ya malalamiko yao makuu lilikuwa ukosefu wa usalama: mali ilikuwa ikisindikizwa huku wenye ardhi wakishambuliwa na wezi wa mifugo. Bunduki hazikuwa haba huko, zilikuwa tele. Haba ilikuwa barabara, maji, mawasiliano na serikali inayofika kwa wakati. Kwa hiyo yeyote anayependekeza kwamba fedha za mafuta zipanue kwanza kiwanda cha bunduki hana budi kumweleza mfugaji wa Lokichar jinsi bunduki ya ziada itakavyompa usingizi.

Naijua hoja ya wanaopinga viwanda vya jeshi kabisa. Husema kwamba jeshi likianza kuunda meli za mizigo, kesho litataka kuendesha kila biashara, na kwamba neno usalama litatumiwa kufunika hesabu. Hofu hiyo ina msingi. Kiwanda cha Eldoret kilijengwa kwa usiri uliozusha maswali mengi. Siri ya mchoro wa silaha inaeleweka; siri ya bei haieleweki. Hata hivyo, sioni dawa katika kuifunga karakana ya Kisumu na kurejea kuagiza meli ng'ambo, kwani zabuni za ng'ambo ndizo zilizotufunza ufisadi wenyewe. Dawa ni masharti, nami nayapendekeza matatu.

La kwanza ni hesabu. Kila shilingi ya umma inayoingia katika viwanda vya ulinzi ikaguliwe na Mkaguzi Mkuu na ifike Bungeni. Karakana inayounda meli ya kubeba mabehewa haina siri ya vita ya kuficha.

La pili ni mgao wa mafuta. Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 inaipa serikali ya taifa asilimia 75 ya mapato ya serikali, kaunti asilimia 20 na jamii ya mahali asilimia 5. Fungu la kaunti na la jamii lisiguswe kwa kisingizio cha ulinzi. Katika fungu la taifa, sehemu itengwe kisheria kwa ajili ya elimu ya ufundi: vyuo vya uhandisi, vyuo vya kiufundi, vifaa vya kufundishia na mishahara ya wakufunzi. Visima hukauka, fundi aliyefunzwa hufunza mwingine.

La tatu ni la kwetu sisi walimu. Karakana ya Kisumu iko mwendo mfupi kutoka soko la Kibuye, ambako mafundi wa jua kali hukunja chuma tangu alfajiri bila mtu kuwauliza cheti. Haiko mbali na Maseno wala na vyuo vingine vya kanda hii. Kila mkataba na kampuni ya kigeni uweke idadi ya wanagenzi watakaofunzwa na kazi watakayoachiwa, na miongozo ya kazi iandikwe pia kwa Kiswahili ili fundi wa Kibuye asiachwe nje ya lango kwa sababu ya lugha. Idara zetu za Kiswahili ziache kungoja istilahi ziletwe. Ziende karakanani na daftari. Walimu wa fizikia na hisabati wawapeleke wanafunzi wakaone kwa macho yao kwa nini chuma kizito huelea. Mwanafunzi aliyeliona jambo hilo kwa macho hatalisahau siku ya mtihani.

Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tumekwenda Scotland tukarudi na meli, tukaenda Uhispania tukarudi na manowari, na huenda kesho fedha za mafuta zikatupeleka mbali zaidi. Marejeo yetu yatakuwa pale pale: katika ujuzi tulioujenga nyumbani, au katika pengo la ujuzi huo. MV Uhuru ya kwanza iliwahi kukaa kimya kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kurejea majini mwaka 2019. Siku MV Uhuru II itakapohitaji matengenezo makubwa, tutajua tumejenga nini kwa kumtazama tu anayeshika chombo cha kuchomelea. Akiwa kijana aliyesoma katika shule zetu, na pembeni yake yupo mwanagenzi anayetazama, tutakuwa na kiwanda cha ulinzi. Akiwa mgeni aliyeshuka kwa ndege asubuhi hiyo, tutakuwa tumenunua mwanasesere mwingine.