CD imepotea, leseni haijapotea
Ukimpelekea fundi kompyuta ya zamani ya Windows XP umwombe aipige Windows upya, atakuuliza kwanza: CD yake iko wapi? Mara nyingi haikuwahi kuwepo. Watengenezaji wengi, kwa kubana gharama, waliweka nakala ya mfumo ndani ya diski kuu ileile, hivyo diski ikifa, inakufa na dawa yake. Ni sawa na kukupa ufunguo wa akiba kisha kuufungia ndani ya nyumba. Lakini usikate tamaa. Ulichonunua si kisahani cha plastiki, ni leseni, na ushahidi wake ni stika iliyobandikwa ubavuni au chini ya mashine, yenye herufi na tarakimu 25. Ukipata CD ya kuazima, hakikisha ni ya toleo lilelile: namba ya stika ya XP Home haikubali CD ya XP Professional. Na kama diski kuu bado inasomeka, tafuta folda ya I386. Huenda mafaili ya kusakinishia yamo humo. Adui mkubwa ni wino wa stika, unaofutika kwa joto na msuguano, kwa hiyo ipige picha leo. Kumbuka pia kwamba Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014. Mashine hiyo iendeshe skana au cherehani ya kutarizi, intaneti isiiguse. Na ukinunua kompyuta mpya, muulize muuzaji kabla hujalipa: ikiharibika, nitaipiga upya kwa kutumia nini? Akibabaika, nenda duka la pili.