Kabla Hujamjengea Mwaitu Jikoni ya TikTok, Sikiza Hii

Wacha niseme wazi. Jikoni nyingi mpya ninazoziona huku kwetu Tseikuru hazipikiwi. Zina vigae vyeupe, makabati yanayong'aa na sinki safi yenye mfereji usiotoa maji. Halafu ukizunguka nyuma ya nyumba unamkuta mwenye nyumba ameinama kwenye mawe matatu, macho mekundu, anapuliza moto. Jikoni ya ndani ni ya kupigiwa picha. Ya nje ndiyo inalisha watu.

Na tunaozijenga ni sisi vijana. Tunapata kamboka Nairobi, Thika ama Mombasa, tunaona video ya sekunde thelathini, tunamtumia fundi picha na doo: "Nataka kama hii." Hatumwulizi mwaitu hata swali moja. Tunamfanyia sapraizi. Anashukuru, anatuombea baraka, kisha anarudi nyuma ya nyumba kupika.

Maoni yangu ni haya: ukiwa na pesa kidogo, usianze na simenti wala kigae. Anza na maswali. Na mfano bora wa hili nimeupata mahali ambapo hungetarajia, kwa familia moja ya Kiyahudi huko Nairobi.

Binamu yangu ni fundi. Ni wa hapa hapa Tseikuru lakini anafanya kazi mjini. Mwaka jana aliitwa kurekebisha jikoni kwenye fleti ya zamani ya familia hiyo: baba, mama, watoto wawili na shosho. Alidhani amepata mteja wa pesa nyingi. Wapi! Bajeti ilikuwa shilingi 180,000, kila kitu ndani, hata malipo yake.

Kabla sijakwambia walivyozitumia, uelewe kwanza kwa nini kazi ile si rahisi. Torati inakataza kupika mwana-mbuzi kwa maziwa ya mamake, na inarudia hilo mara tatu: mara mbili katika Kutoka, mara moja katika Kumbukumbu la Torati. Walimu wa Kiyahudi wakalipanua katazo hilo likawa utaratibu wa nyumba nzima. Nyama na maziwa havipikwi pamoja wala kuliwa pamoja. Sufuria za nyama ni zake, za maziwa ni zake. Vivyo hivyo sahani, visu, miiko, hata sponji ya kuoshea. Halafu kuna kundi la tatu linaloitwa pareve, vyakula visivyo vya upande wowote: nafaka, maharagwe, mboga, matunda, mayai, samaki. Kwa hivyo muthokoi wako usiotiwa nyama wala maziwa ungeingia kundi hilo. Chakula na vyombo vinavyofuata utaratibu huo huitwa kosheri.

Bado kuna Sabato. Kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi usiku nyota zikitoka, hawawashi moto wala hawapiki. Chakula cha moto cha Jumamosi lazima kiwe kimepikwa kabla na kiachwe mahali penye joto. Na kuna Pasaka, ambapo kwa siku kadhaa mkate wenye chachu hauruhusiwi nyumbani, na familia nyingi hutoa vyombo vingine kabisa vilivyofichwa mwaka mzima.

Sasa chukua masharti hayo uyaingize kwenye mtandao. Utaonyeshwa jikoni zenye sinki mbili, oveni mbili, mashine mbili za kuosha vyombo na graniti kila upande. Pesa za kununua ploti. Ukiangalia picha hizo na una 180,000, unaweza kukata tamaa ukaacha jikoni ivunjike tu.

Hawa hawakuangalia picha. Walichukua daftari wakaandika kila kitu wanachopika kwa wiki moja. Wakagundua nyama wanapika hasa kwa ajili ya Ijumaa jioni na Jumamosi. Siku zingine ni maziwa, jibini na vitu vya pareve. Kumbe upande wa nyama hauhitaji kuwa mkubwa. Hiyo peke yake iliondoa kabati mbili kwenye hesabu.

Pili, walimpigia rabi wao simu kabla ya kwenda duka la vifaa. Simu ya dakika kumi. Waliuliza: ni lazima tuwe na sinki mbili? Akawaambia sinki moja inatosha kama kila upande una beseni lake na chanja lake, na chombo hakigusi sinki yenyewe. Beseni jekundu la nyama, la buluu la maziwa. Mabeseni mawili ya plastiki yakachukua nafasi ya sinki ya pili, bomba lake na kuvunja ukuta.

Tatu, aliyepewa neno la mwisho ni shosho, kwa sababu yeye ndiye mpishi mkuu. Binamu alichora kabati za juu zikafika dari. Shosho akamwangalia, akainua mkono wake juu, ukaishia nusu. "Fundi, hapo juu nani atafika?" Zile za juu zikabaki moja tu, yenye kufuli, ya vyombo vya Pasaka. Vyombo vya kila siku vikashushwa usawa wa kiuno.

Hesabu yao ilienda hivi. Mabomba na nyaya za umeme, 45,000. Hii ilitangulia, kwa sababu vitu vya ndani ya ukuta ukivisahau utakuja kuvunja vigae vyako mwenyewe. Walitaka soketi maalum ya kibamba cha umeme kinachowashwa kabla ya Sabato na kuachwa hivyo hadi iishe. Kaunta ya chuma cha pua, 40,000. Walichagua chuma kwa sababu kwa taratibu zao chuma kikichafuka kwa chakula kisichofaa kinaweza kurudishwa kwa maji yanayochemka, lakini chungu cha udongo hakirudi. Milango ya kabati na rangi, 35,000, kwa sababu mbao za ndani zilikuwa bado nzima. Kibamba cha Sabato na jiko dogo la mezani la upande wa maziwa, 20,000. Ufundi, 30,000. Akiba ya dharura, 10,000. Jumla 180,000 kamili, na jikoni inafanya kazi.

Usifikirie haya ni mambo ya wageni wa mbali. Mwaka 1903 Waingereza walijitolea kuwapa Wayahudi ardhi katika nyanda za Uasin Gishu, na mwaka 1905 wao wenyewe wakakataa. Waliokuja Nairobi kivyao walijenga sinagogi, na bado ipo katikati ya jiji. Vuka mpaka uende Mbale, Uganda, utawakuta Abayudaya, Waafrika walioanza kufuata dini ya Kiyahudi chini ya Semei Kakungulu mwaka 1919. Walipitia hata miaka ya Idi Amin, ambaye aliipiga marufuku dini yao. Wengi wao ni wakulima kama sisi. Kutenganisha nyama na maziwa hakuhitaji graniti. Kunahitaji sufuria mbili na mtu anayejua ipi ni ipi.

Najua utakachosema. "Lakini hao wana sheria ya dini. Sisi tunapika tu." Hapana. Sisi pia tuna sheria, ni vile hatujawahi kuziandika. Keti na mwaitu jioni moja na daftari uone.

Sheria ya kwanza Tseikuru ni maji. Yanakuja kwa mtungi wa lita 20, kichwani, mgongoni, kwa punda ama kwa bodaboda. Jikoni isiyo na pahali pa kuweka mitungi sita karibu na mlango imekosea hata kabla ya rangi. Sinki bila maji ya mfereji ni beseni ghali.

Sheria ya pili ni moshi. Muthokoi na isyo vinachukua saa nyingi motoni. Hakuna mtu huku atapika isyo kwa gesi kila siku, mtungi utaisha kabla ya mwezi. Kuni zitabaki, kwa hivyo panga kuni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa kupikia majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani. Na wanaoketi karibu zaidi na moshi huo ni akina mama na watoto wadogo waliobebwa mgongoni. Kwa hivyo ukimjengea mama jikoni isiyotoa moshi, ama isiyoruhusu kuni kabisa, umemrudisha kwenye kibanda chake cha moshi. Umelipa pesa nyingi ili abaki palepale.

Sheria ya tatu ni mgongo. Mawe matatu yako chini. Mtu wa miaka sitini anainama mara ngapi kwa siku kugeuza ugali?

Sheria ya nne ni wageni. Kukiwa na matanga ama harusi, sufuria inayotoka ni ile kubwa ya jirani. Mlango wako unaipitisha?

Nilimwuliza mwaitu maswali haya, tukapata jikoni ya shilingi 60,000 kwa bei za huku nilizoulizia. Kwenu zitatofautiana kidogo. Jiko la matofali lililoinuliwa hadi kiunoni, lenye bomba la kutoa moshi juu ya paa, 15,000. Tangi la lita 1,000 pamoja na mifereji ya paa na msingi wake, 16,000. Sakafu na meza ya simenti, 10,000. Dirisha pana na mabati mawili ya kupitisha mwanga, 8,000. Meko ya gesi ya kilo 6 kwa chai ya alfajiri na kupasha chakula, 6,000. Akiba, 5,000. Vigae sufuri. Kabati sufuri, ni rafu za mbao zilizotoka kwa kitanda cha zamani.

Angalia mpangilio. Tangi linatangulia rangi, na tena liwe limewekwa kabla ya mvua ya Oktoba hadi Desemba, ile tunayoitegemea zaidi. Ukilikosa msimu huo, umenunua plastiki ya kuangalia.

Na kuna kitu tunaweza kuiga moja kwa moja kutoka kwa watu wa Sabato: chakula kinachoiva bila wewe kusimama hapo. Chukua kikapu kikubwa, kijaze vitambaa vya zamani ama majani makavu pande zote. Maharagwe ama muthokoi ukishachemka vizuri kwa muda, funika sufuria, iingize, ziba juu kwa mto. Joto lile lile linaendelea kuivisha. Kuni zinapungua, moshi unapungua, na mwaitu anapata saa mbili za kukaa chini ya mti kama binadamu.

Sikatai urembo. Mama pia anapenda kitu kizuri, na mtu asikudanganye kwamba mtu wa shamba hajali rangi. Mwaitu ameshachagua ya kwake, kijani ya embe bichi, na hiyo itapakwa. Lakini itapakwa mwisho, kwa pesa zitakazobaki, na zisipobaki itangoja ndengu za msimu ujao.

Kinachoniuma hasa ni kwamba tunajua kuuliza. Ukimnunulia rafiki viatu unamwuliza saizi. Ukimnunulia mtoto sare unampima. Lakini mama anayepika mara tatu kwa siku kwa miaka arobaini, huyo tunamchagulia. Mwenye pesa ndiye anaamua, na mwenye pesa hajawahi kuosha hata sufuria ya isyo iliyoungua. Ile familia ya Nairobi ilikuwa na kitabu, rabi na karne nyingi za utaratibu, na bado ikamwuliza shosho kama mkono wake utafika. Sisi tuna nini cha kutuzuia?

Kwa hivyo ukipokea mshahara wa mwezi huu na unataka kumfanyia mzazi kitu, sawa, Mungu akubariki. Lakini kabla ya kutuma hata bob moja kwa fundi, piga simu nyumbani. Uliza: unapika nini na saa ngapi? Maji yanakaa wapi? Nini kinakuumiza ukipika? Andika majibu. Mpe fundi karatasi hiyo badala ya picha. Kisha jikoni ikiisha, usiipige picha siku hiyo. Ngoja mwezi mmoja, uende nyumbani, uangalie kama kuna majivu ndani yake.