Leseni Kwanza, Mtandio Baadaye



Msimu umeisha. Mnaotufuatilia mnajua kwamba kuanzia Rajabu mpaka mwisho wa Shaabani sie hatulali. Kila mtu anataka kuoa kabla ya Ramadhani, na kila bibi harusi anataka gauni lake liwe tayari tangu juzi. Leo cherehani zimepumzika, tumekaa na chai yetu ya tangawizi, na lipo jambo limetukaa kooni tangu Shaabani ambalo lazima tuliseme.

Alikuja binti kupima gauni. Mara ya kwanza kiuno chake kilikuwa inchi 28. Baada ya wiki mbili, 26. Akarudi tena, 25 na bado gauni likimpwaya kifuani. Tukapunguza ubavuni mara tatu, na kila mara tukimtania kama wanavyotaniwa maharusi wote, eti harusi inakukondesha, shoga, mwenzio anakungojea. Naye akicheka. Mara ya tatu, pini zikiwa bado mgongoni, akakaa kwenye kigoda mbele ya kioo akaanza kulia, na si kile kilio cha bibi harusi tulichokizoea.

Akatwambia hajalala vizuri zaidi ya mwezi. Moyo unamwenda mbio bila sababu, simu ikilia anatetemeka, chakula kinamkaa kifuani. Na kuna usiku anamuomba Mungu amchukue kabla siku haijafika. Mchumba hana ubaya, kamchagua mwenyewe. Mawifi hawana neno. Nyumbani wamesema ni hasadi, amesomewa, na yeye kusomewa anakutaka wala hakukukataa. Lakini hali haikubadilika.

Kilichotuuma zaidi ni hiki. Huyu binti alikuwa ameshatafuta msaada. Alimpata mtu kwenye simu, mwenye wafuasi wengi, picha yake amejistiri vizuri na msikiti nyuma yake, anajiita mtaalamu wa nafsi kwa wanawake wa Kiislamu. Akamtumia shilingi 150,000 za vikao vitatu. Kikao cha kwanza kilikuwa nusu saa, akaambiwa tatizo lake ni kukosa shukurani. Cha pili akaulizwa jina la mchumba na ukoo wake. Cha tatu hakikufika. Badala yake akaona habari yake imewekwa kwenye stori ya yule mama, bila jina, lakini ni bibi harusi wa Unguja, anaolewa Shaabani, anamuogopa mume kabla hajamuingia ndani. Kisiwa hiki kidogo jamani. Kufika Magharibi khalati yake ameshampigia mama mtu kuuliza.

Tukamuuliza, ulimuuliza amesajiliwa wapi? Akatutazama kama tumemuuliza jambo la aibu. "Dada, alikuwa amevaa vizuri, na kila akimaliza neno anasema inshaAllah."

Hatumcheki. Nasi tungeingia mtego huo huo. Lakini tujiulize, nani kati yenu angemwachia fundi asiyemjua kitambaa cha lesi cha shilingi 400,000 kwa sababu tu fundi mwenyewe amejistiri? Hakuna. Utauliza kamshonea nani, utataka kuona kazi, na ukiwa mjanja utaligeuza gauni ndani nje uangalie mishono. Kwenye mafunzo ya ushoni ndilo jambo la kwanza mwalimu wetu alilolifanya kwa kila kazi tuliyompelekea, anaigeuza. Nje kila mtu anaweza kupiga pasi. Mtu anayekwenda kukufungua moyo wako humgeuzi hata kidogo?

Basi tunavyoona sie, leseni kwanza, mtandio baadaye. Tunajua wapo watakaokasirika. Wakasirike, lakini wasome mpaka mwisho.

Kwanza tuyajue majina, maana watu wanayachanganya. Daktari bingwa wa afya ya akili ni daktari kamili aliyesomea udaktari kisha akaongeza masomo ya maradhi ya akili, na anaweza kukuandikia dawa. Mwanasaikolojia tiba hatoi dawa. Yeye hutibu kwa mazungumzo na mazoezi ya fikra na matendo, na hayo ana elimu yake. Chuo Kikuu cha Muhimbili, kwa mfano, kina shahada ya uzamili ya saikolojia tiba. Mshauri nasaha naye ana mafunzo yake ya kusikiliza na kuongoza, na yanatofautiana sana baina ya mtu na mtu. Halafu wapo wanaojiita makocha wa maisha, wahamasishaji, mama wa ndoa. Hao wengine wana maneno mazuri na pengine yatakufaa, lakini neno zuri si tiba, na hakuna baraza la kumshitaki akitoa siri yako.

Hapo ndipo leseni inapokuwa na maana. Leseni si karatasi ya kubandika ukutani. Maana yake yupo mtu juu yake, zipo kanuni za kutunza siri, na akikosea unapo pa kwenda. Daktari wa hapa kwetu anasajiliwa na Baraza la Madaktari la Zanzibar, na wa Bara na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kenya walitunga sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014 ikaunda bodi yao, kwa hiyo mtu wa Mombasa au Nairobi akikwambia yeye ni mwanasaikolojia, muombe namba na uwaulize bodi. Wenye dada na mashangazi Uingereza mjue kwamba kule mtu yeyote anaweza kujiita mshauri, jina hilo halilindwi na sheria, lakini jina la mwanasaikolojia tiba linalindwa, na orodha ya HCPC iko wazi kwenye intaneti, unaandika jina la mtu unamuona au humuoni. Marekani leseni inatolewa na kila jimbo peke yake, kwa hiyo huyo wa kule muulize kama leseni yake inamruhusu kumhudumia mtu aliyekaa Zanzibar. Mwenye leseni ya kweli hatoona vibaya kuulizwa. Anayekasirika ukimuuliza namba ya usajili, mwage hapo hapo, hata kama umeshampenda.

Muulize pia amesomea wapi na amefanya kazi hospitali gani. Muulize siri yako anaiandika wapi, na ni wakati gani atalazimika kuivunja. Jibu la kweli lipo, nalo ni pale maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, na mtaalamu mzuri atakwambia hilo kabla hujaanza kusema lolote. Muulize kikao ni dakika ngapi (wengi hufanya kama 50), ni shilingi ngapi na unalipa kabla au baada. Wa vikao kumi kwa mkupuo, kabla hata hajakujua, sie hatumtaki. Hata sisi tunachukua arubuni tu.

Sasa mtandio. Bila shaka mwanamke wa Kiislamu atastarehe zaidi na mwanamke mwenzake, na zaidi akiwa Muislamu anayejua edah ni nini, anayejua kwa nini fungate inamtisha mtu, asiyekwambia uache sala upumzike. Tukimpata mwenye leseni na mtandio, alhamdulillah, tumeshinda. Lakini wenye sifa zote mbili ni wachache, na wengine orodha yao ya kungoja ni ndefu. Kumngoja miezi sita huku mtu anakonda mbele ya kioo hatukuoni kuwa ni busara. Kwa wakunga na madaktari wa upasuaji tumeshakubali zamani, tunamtafuta mwanamke, tukimkosa tunakwenda kwa anayejua kazi. Kuhusu mwanamme na kikao cha vidio cha watu wawili, mwenye wasiwasi amuulize sheikh wake, sie si mamufti.

Lugha, kwa maoni yetu, ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mtu akisema roho inanikaa juu, au moyo mzito, au nafsi haitulii, ukianza kumtafsiria mtaalamu wa Kizungu kwa Kiingereza cha fomu foo, nusu ya maradhi inabaki nyumbani. Mtaalamu wa Dar es Salaam au Mombasa anayesikia Kiswahili chako atakufaa kuliko yule wa ng'ambo mwenye programu ya kupendeza. Na masaa ni yale yale. Muscat wametutangulia saa moja tu, lakini wa Amerika utazungumza naye wakati wa kula daku.

Tuje kwenye lile la imani pungufu, maana tunalisikia mno. Nabii Yaakub alilia mpaka macho yake yakaingia weupe, na hakuna aliyesema hana subira. Mtume wetu (S.A.W.) alipoondokewa na Bibi Khadija na ami yake, mwaka ule umebaki ukiitwa Mwaka wa Huzuni. Na Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima kuhusu tiba ya miili na nafsi, akaeleza hofu, huzuni, hasira na mawazo yanayomganda mtu. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita! Kisha leo tunaambiwa kwenda kwa mtaalamu ni mambo ya wazungu. Endelea na ruqya yako, endelea na adhkari zako za asubuhi na jioni. Mwenye kisukari anasomewa na sindano anapiga.

Na wazazi wapya, msidhani haya ni ya maharusi tu. Shirika la Afya Duniani linasema kama asilimia 13 ya wanawake waliojifungua wanapatwa na maradhi ya akili, zaidi ni sonona, na kwenye nchi zetu hizi zinazoendelea inakaribia asilimia 20. Yaani wanawake watano wakikaa arubaini, mmoja wao pengine analia chooni. Sie tumeshamuona, alikuwa anashona nasi.

Lakini simu si ya kila kitu, na hapa tunasema kwa uzito. Mtu akisikia sauti zisizosikiwa na wengine, akiwa hatambui watu, akipanga kujidhuru au kumdhuru mtoto, huyo si wa kungojea kikao cha Jumanne kwenye skrini. Asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Unguja tunayo Kidongo Chekundu, na tafadhali tuache kulitumia jina hilo kwa kutishia watoto, maana ndivyo tunavyowafungia watu majumbani mpaka hali inaharibika.

Linalobaki ni mahali. Nyumba zetu tunazijua, ukuta mmoja familia tatu, na mlango ukifungwa mchana kila mtu anauliza kuna nini. Mtaalamu wa mtandaoni ana faida kwamba hukutwi na jirani barazani kwake, lakini ana hasara kwamba wewe ndiye unayetakiwa kupata chumba. Wengine wanakwenda kwenye gari, wengine kwa bibi kizee asiyesikia vizuri. Weka visikilizio masikioni ili asisikike yeye, kaa mbali na dirisha, na kama simu inafunguliwa kwa kidole cha mtu mwingine, futa meseji zako au tafuta simu nyingine. Bando ukikosa, kikao cha sauti tupu kinatosha.

Yule binti? Tulikaa naye hapa dukani jioni tatu tukitafuta. Wa kwanza hakujibu. Wa pili alitaka shilingi 120,000 kwa saa, hatukuziweza. Wa tatu ni mwanasaikolojia tiba, mama wa makamo wa Bara, na ni Mkristo. Tulimuomba vyeti akavituma kabla hatujamaliza kuandika. Kikao cha kwanza alimuuliza moja kwa moja kuhusu ile dua yake ya usiku, anataka kufa tu au amepanga namna, akampa namba ya kumpigia na akataka ajulikane mtu mmoja wa karibu wa kuwa naye. Kisha akamuuliza anafuturu saa ngapi, apange vikao baada ya tarawehe.

Harusi imesogezwa mpaka Mfunguo Pili. Mama yake hatusemeshi mpaka leo, kwa sababu kadi zilishachapwa na ukumbi ulishalipiwa, na anaamini ni sisi tuliomtia maneno mwanawe. Mchumba yeye alikubali siku ile ile, akasema tu angeambiwa mapema. Bado ana siku mbaya. Juzi alikuja kupima, inchi 26 na nusu, na ubavuni tulikuwa hatujakata kitambaa, kwa hiyo tutaufungua mshono mmoja basi.

Kile chumba chetu cha kujaribia nguo kina mlango na kitasa, na mashine zikizimwa hakisikiki nje. Anayehitaji mahali pa kufanyia kikao, aje Jumatatu au Jumatano baada ya Alasiri, hatutamuuliza anazungumza na nani. Alhamisi isiwe, siku hiyo kina wenyewe.