Koo la mwalimu nalo lina haki ya kulindwa

Mwalimu wa kike anapowaambia wanafunzi wafungue vitabu, nyuzi sauti zake hugongana takriban mara 200 kila sekunde. Za mwalimu wa kiume, kwa kuwa ni ndefu na nene zaidi, hugongana mara 110 hivi. Mama huyo akitoa sauti kwa jumla ya saa moja tu katika siku nzima ya kazi, nyuzi zake zitakuwa zimegongana mara 720,000. Na ni vitu visivyofika hata urefu wa sentimita mbili.

Mwaka 1950 Mfaransa Raoul Husson alidai kwamba kila mtetemo huo huamriwa na ubongo kupitia neva. Alikosea. Mwaka 1958 Janwillem van den Berg wa Uholanzi alieleza kinachotokea: misuli ya kongomeo huzisogeza nyuzi pamoja na kuzikaza, lakini kinachozitetemesha ni pumzi. Hewa kutoka mapafuni huzisukuma zikaachana, kisha unyumbufu wake na mwendo wa hewa hiyohiyo huzirudisha. Baadaye daktari wa Kijapani, Minoru Hirano, akaonyesha kuwa kila uzi una matabaka: ndani msuli, juu kabisa ngozi nyembamba, na chini tu ya ngozi hiyo tabaka laini kama nyama ya dafu. Hilo laini ndilo linalopiga mawimbi, na ndilo linaloumia.

Mwalimu akipaza sauti, misuli hubana, shinikizo la hewa hupanda na nyuzi hupigana kwa nguvu. Katikati ya sehemu inayotetemeka, ambako kishindo ni kikubwa zaidi, huota vinundu, kimoja kila upande. Nyuzi hazifungi tena sawasawa, hewa inavuja, sauti inapwelea. Naye mwalimu, asikike vipi? Anakaza zaidi, na jeraha linazidi.

Sasa mweke mwalimu huyo katika darasa la kwetu. Tanzania inalenga wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, lakini yapo madarasa mengi ya shule za msingi yanayopita idadi hiyo kwa mbali. Masika yakianza, mvua inapiga bati, hakuna dari, na somo halisubiri. Tangu mwaka 1911 Mfaransa Étienne Lombard alikwisha kuonyesha kwamba mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti bila kukusudia. Kumwambia mwalimu aongee taratibu mahali kama hapo ni kumwonea.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004, uliofanywa katika majimbo ya Iowa na Utah, ulikuta asilimia 57.7 ya walimu wamewahi kupata tatizo la sauti, dhidi ya asilimia 28.8 ya watu wa kazi nyingine. Poland imeingiza vinundu vya nyuzi sauti katika orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi. Wizara za elimu na mifuko ya fidia ya Afrika Mashariki zifuate njia hiyo. Vyuo vya ualimu vifundishe matumizi ya sauti kwa uzito uleule wa maandalio ya somo, dari ziwekwe, na kipaza sauti kidogo cha kuvaa kiunoni kihesabiwe kuwa kifaa cha kufundishia kama chaki.

Tangawizi, ndimu na asali, ambazo walimu hushauriana ofisini, hutuliza koo, lakini hazigusi nyuzi sauti: mtu akimeza, kongomeo hujifunga na kinywaji hupita nyuma yake kwenda tumboni. Maji ya kunywa husaidia, ila kwa kupitia damu. Sauti ikiwa imepwelea kwa zaidi ya wiki tatu au nne, mwalimu apewe ruhusa amwone daktari wa masikio, pua na koo, ambaye hupitisha kamera nyembamba puani na kuziona nyuzi zenyewe. Vinundu vikigunduliwa mapema, mara nyingi hupungua kwa mazoezi ya sauti, bila kisu. Na pengine kilichomo si vinundu bali saratani, ambayo haifai kungojewa hadi likizo ya Desemba.